Jinsi ya Kumtafuta Babu Aliyekuwa Stesheni Masta wa Reli ya Zamani: Mwongozo Kamili

Karibu kila msomaji aliyeniandikia kwamba ameshindwa kumpata babu yake wa reli alianza kwa njia ileile. Alishika jina la babu, akaenda makao makuu ya reli ya nchi yake, akamwambia karani wa mapokezi, "Namtafuta huyu." Karani akatafuta kwenye orodha ya wastaafu, jina halimo, na safari ikaishia hapo.

Si kwamba babu hakuandikwa. Reli ilikuwa mahali pa kuandika mchana na usiku: tiketi, magunia, mishahara, uhamisho, ajali. Lakini haikumwandika jinsi familia inavyomkumbuka. Ilimwandika kwa stesheni aliyokuwapo, kwa cheo, kwa namba ya kazi, na chini ya mwajiri ambaye huenda leo hayupo. Kwa hiyo acha kuuliza "babu yangu yuko wapi humu?" Uliza "nani alikuwa kwenye stesheni hii miaka ile?" Swali hilo la pili ndilo lenye majibu.

Mwongozo huu ni wa reli za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania, tangu ujenzi wa miaka ya 1890 hadi karibu na Uhuru. Ufuate kwa mpangilio. Ukienda kwenye nyaraka kabla ya kuzungumza na wazee, utakuwa umelipa nauli ya bure.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja nene. Karatasi moja moja hupotea.
- Penseli mbili na kichongeo, kwani vyumba vya kusomea nyaraka kwa kawaida haviruhusu wino.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kutosha.
- Ramani ya njia ya zamani inayoonyesha hata stesheni ndogo. Ramani ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, haitakusaidia.
- Bahasha safi za karatasi za kuhifadhia picha na vyeti. Plastiki ya kawaida hushika unyevu na picha hugandamana.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti.
- Orodha ya wazee wa ukoo walio hai, mkubwa kuliko wote akiwa wa kwanza.

## Hatua ya 1: Jua mwajiri alikuwa nani wakati huo

Hatua hii hurukwa sana. Mashirika ya reli ya kitaifa yalizaliwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Babu aliyestaafu mwaka 1938 hakuwahi kuwa mfanyakazi wao. Andika majina haya kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa tahajia hiihii, maana ndiyo utakayoyatafuta:

- Mombasa hadi Kisumu: Uganda Railway, tangu ujenzi ulipoanza mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwishoni mwa 1901. Katika miaka ya 1920 ikawa Kenya and Uganda Railway, na baadaye jina likaongezewa bandari.
- Tanga hadi Moshi: Usambarabahn ya Wajerumani. Ujenzi ulianza 1893, ukafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911.
- Dar es Salaam hadi Kigoma: Mittellandbahn. Ilianza 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Baada ya Vita vya Kwanza, njia hii na ile ya Tanga ziliitwa Tanganyika Railways.
- Jinja hadi Namasagali: Busoga Railway, iliyofunguliwa 1912. Reli ya kutoka Kenya ilifika Kampala mwaka 1931.
- Zote kuanzia 1948: East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zilitengwa, na mwaka 1977 reli ikagawanywa nchi kwa nchi.

Miaka hii pia itakuonyesha masimulizi yasiyowezekana. Ukiambiwa babu alikuwa stesheni masta wa Tabora mwaka 1908, kumbuka reli ilikuwa haijafika huko. Usimkatalie mzee wala usimcheke. Andika alivyosema, kisha weka alama ya kuuliza pembeni. Mara nyingi stesheni ni sahihi na mwaka ndio uliosogea.

Jihadhari na mipaka. Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, ilikuwa upande wa Uganda hadi mwaka 1902, eneo hilo lilipohamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya. Hadi 1905 mambo ya himaya hiyo yalisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, ndipo yakahamia Wizara ya Makoloni, kwa hiyo barua za stesheni ileile zimo katika makundi mawili tofauti. Nayo Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu vita vya 1916 hadi 1921. Ukikuta karatasi ya huko ya miaka hiyo kwa Kifaransa, usishangae.

## Hatua ya 2: Kaa na wazee, uliza mahali kabla ya miaka

Hapa ndipo penye mali, na hapa ndipo nakusihi usiharakishe.

Wengi huanza na "babu aliajiriwa mwaka gani?" Mzee hajui, anaona haya, mazungumzo yanapoa. Mwulize watoto walizaliwa wapi. Stesheni masta alihamishwa mara kwa mara, na familia ilimfuata. Kama shangazi mkubwa alizaliwa Voi, baba Makindu na kitindamimba Londiani, tayari una vituo vitatu kwa mpangilio wake, na umri wa watoto hao utakupa miaka kwa kukadiria.

Tafuta kwanza wanawake wa ukoo. Amri ya uhamisho ilimjia babu, lakini aliyefunga vyombo, akauza kuku na kuanza upya kwenye kota nyingine ni bibi. Mabinti zake waliokua wakimsaidia hukumbuka yale ambayo wanaume hawakuyashika: maji yalitoka wapi, mke wa jirani aliitwa nani, watoto walisoma wapi, nani aliugua na kuzikwa huko.

Nenda kwa adabu. Amkia, kaa, kunywa ulichopewa, na simu uitoe baada ya kuomba ruhusa ya kurekodi. Kisha uliza kama hivi:

- Treni zilipishana pale, au zilisimama tu na kuondoka?
- Kulikuwa na tangi kubwa la maji? Mto? Mlima uliouona ukisimama mlangoni?
- Nyumba yenu ilikuwa peke yake karibu na jukwaa, au kwenye mstari wa kota?
- Babu alikuwa akigonga mashine ya simu (telegrafu) mwenyewe, au alikuwapo mtu mwingine?
- Mlipotoka hapo mlipanda treni kuelekea upande gani, pwani au bara?

Swali la tangi lina maana yake. Injini za mvuke zilihitaji maji njiani, na tangi lilijengwa kwenye stesheni maalumu tu. Jibu moja la "ndiyo, tulikuwa tukichezea chini yake" laweza kukuondolea nusu ya stesheni unazozifikiria.

Kwa miaka, tumia matukio: njaa kuu ya 1898 hadi 1900, Vita vya Kwanza, homa ya mafua ya 1918, miaka ya nzige. Uliza "kabla au baada?" Mtu asiyejua mwaka hujua kama alikuwa amezaliwa wakati wa vita.

Onyo kubwa: usimtajie mzee jibu. Ukisema "si ilikuwa Kibwezi?", atakubali kwa heshima, na Kibwezi itaingia kwenye ukoo wenu milele.

Hatua hii imekamilika ukiwa na orodha ya stesheni zilizopangwa kwa mfuatano, hata kama hazina mwaka hata mmoja.

## Hatua ya 3: Soma karatasi na picha za nyumbani

Omba kuonyeshwa sanduku. Karibu kila familia ya reli inalo: la bati au la mbao, chini ya kitanda au juu ya kabati. Piga picha kila kitu kabla ya kupanga chochote, kwa sababu jinsi karatasi zilivyolaliana nako ni ushahidi.

Unatafuta hasa namba ya kazi. Yaweza kuwa kwenye cheti cha utumishi, barua ya uhamisho, hati ya kiinua mgongo au kadi ya pensheni. Majina yalibadilishwa tahajia kila karani aliposhika kalamu, lakini namba ilinakiliwa kwa uangalifu kwa sababu mshahara uliifuata.

Karatasi isiyo na tarehe ichunguze kwa fedha iliyotajwa. Kenya na Uganda zilitumia rupia hadi 1920, ikaja florini kwa muda mfupi, na shilingi ikaanza 1921. Upande wa Wajerumani, rupia iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa hadi 1904, ndipo ikawa heller 100. Stakabadhi ya mzigo yenye neno "Heller" basi ni ya kati ya 1904 na miaka ya vita, na ni ya Tanganyika bila shaka.

Picha nazo zitazame kwa kioo cha kukuzia. Usikomee kwenye uso wa babu, angalia nyuma yake. Vibao vya stesheni vya huku viliandikwa jina, na mara nyingi mwinuko kutoka usawa wa bahari kwa futi pamoja na umbali kwa maili. Hata kama jina limekatwa na ukingo wa picha, tarakimu mbili tatu za mwinuko zinaweza kukutajia stesheni, kwa sababu toka Mombasa hadi nyanda za juu njia hupanda sana na stesheni chache hulingana. Geuza picha pia uone muhuri wa studio nyuma.

Majina mengine ya stesheni yamebadilika. Lumbwa ni Kipkelion ya leo, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye. Tafuta nyaraka kwa jina la wakati ule.

Usizitie karatasi hizi laminesheni, usiandike juu yake kwa kalamu, na usibandue picha iliyogandishwa kwenye albamu. Ipige ikiwa hapohapo.

## Hatua ya 4: Thibitisha cheo

Nalisema hili kwa upole kwa kuwa linagusa heshima ya familia. "Stesheni masta" nyumbani lilikuwa jina la yeyote aliyevaa kofia ya reli. Huenda babu alikuwa karani wa tiketi, karani wa mizigo, mpiga simu za telegrafu, gadi wa treni, au yule aliyegeuza njia ili treni zipishane. Zote ni kazi za kuheshimika, na maisha ya abiria yalikuwa mikononi mwao. Lakini kila cheo kina orodha yake, na ukitafuta kwenye orodha isiyo yake hutampata.

Katika miaka ya mwanzo ya Uganda Railway, ustesheni masta ulishikwa zaidi na watu kutoka India, na Wagoa, yaani watu wa Goa, walikuwa wengi katika ukarani. Waafrika wengi waliwekwa kwenye magenge ya njia na ubebaji mizigo, ingawa waliosoma shule za misheni walipata kazi za ukarani na simu. Kupanda vyeo kwa wingi kulikuja baadaye. Basi kama babu alikuwa Mwafrika na alianza kabla ya Vita vya Kwanza, tafuta kwanza orodha za makarani na wapiga simu.

Familia zenye asili ya India zina mtego wao. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kujenga reli walikuwa kama 32,000, na waliobaki baada ya mikataba ni kama 6,700. Wengine wengi walikuja kwa nauli zao kufanya biashara au ukarani. Usimhesabu babu kuwa mjenzi wa reli kwa sababu tu aliifanyia kazi baadaye.

Dalili za stesheni masta halisi: alikaa nyumba ya peke yake karibu na jukwaa, alishika funguo za sanduku la fedha, na treni haikuondoka bila idhini yake. Wazee wakithibitisha mawili kati ya hayo, endelea ukiwa na matumaini.

## Hatua ya 5: Pitia magazeti

Anza na Gazeti Rasmi la Serikali. Lile la himaya za Afrika Mashariki na Uganda lilianza mwaka 1899, na matoleo mengi ya Kenya Gazette yanasomeka bure kwenye Google Books. Lugha yake ni Kiingereza, kwa hiyo tafuta "Station Master" pamoja na jina la stesheni. Usianze na jina la mtu, kwa sababu mashine hukosea kusoma chapa zilizofifia.

Angalia sana matangazo ya mirathi. Marehemu alitajwa pamoja na mahali alipofia na tarehe, na mara nyingine kazi yake na msimamizi wa mali. Tangazo la mistari minne laweza kukupa kile ambacho miaka ya kuuliza haikukupa.

Kwa Tanganyika mna hazina ambayo watu huisahau: magazeti ya Kiswahili. *Kiongozi* lilichapishwa Tanga kuanzia 1904 hadi wakati wa vita, na *Mambo Leo* lilianza 1923. Yalipokea barua na habari kutoka mijini na vijijini, zikiandikwa na watu waliosoma, yaani walimu, makarani na wenzao. Humo utakuta maisha ya tabaka alilokuwamo babu, kwa lugha aliyoisema. Ukisoma tu yaliyoandikwa na wazungu, utamwona babu kwa mbali.

Jaribu tahajia zote. Juma ni Jumah na Djuma, Hamisi ni Khamis na Hamis, na Wajerumani waliandika "sch" tunapoandika "sh".

## Hatua ya 6: Nenda kwenye hifadhi ya nyaraka

Sasa una stesheni, miaka ya kukadiria, cheo na jina la mwajiri. Huu ndio wakati wa kupanga safari.

Nairobi: Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Moi Avenue. Usiishie kwenye majalada yenye neno reli. Omba pia ya wilaya ilimokuwa stesheni, kwa sababu mkuu wa wilaya aliandikiana na stesheni kuhusu wizi, ardhi, maji na vifo. Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa 1971, yako karibu na stesheni kuu ya zamani.

Dar es Salaam: Hifadhi ya Taifa ina majalada ya Wajerumani, yenye alama ya G, pamoja na ya Waingereza. Asiye raia wa Tanzania hutakiwa kuwa na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), basi aombe mapema kabla ya kukata tiketi.

London: Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, ina barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Kenya katika kundi CO 533, kuanzia 1905. Orodha yake inatafutika mtandaoni, na kusoma ukiwa pale ni bure.

Berlin: nyaraka za Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani zimo katika kundi R 1001.

Popote uendapo, andika alama kamili ya jalada kabla ya kulifungua, na picha ya kwanza ya simu iwe ya jalada lenyewe. Picha ya ukurasa usiojulikana ulikotoka haina thamani.

Majalada ya mishahara ya watumishi wadogo mengi hayakuhifadhiwa. Ukipata jina la babu mara moja, kwenye taarifa ya ajali au orodha ya uhamisho, hiyo ni safari iliyofaulu.

Na tafadhali, usimlipe mtu anayeahidi "kufuatilia mafao ya babu" kwa ada ya kwanza. Kutafuta historia na kudai mafao ni mambo mawili tofauti, na matapeli huishi katikati yake.

## Hatua ya 7: Vitabu vya ibada na makaburi

Stesheni masta aliabudu mahali, na mahali pale paliandika. Daftari la ubatizo au ndoa mara nyingi lina kazi ya baba na makazi yake. Kwa waliotoka Freretown au Rabai, vituo vya misheni karibu na Mombasa, tafuta kumbukumbu za misheni. Kwa Wagoa, anza na parokia za Kikatoliki za Mombasa na Nairobi. Kwa Waislamu, daftari za ndoa za kadhi. Kwa Masingasinga, gurdwara zilizo kando ya njia, ya Makindu ikiwa mashuhuri kuliko zote.

Nenda na jina la mtoto na mwaka wa kukadiria, umkute mhudumu asubuhi ya siku ya kawaida. Makaburini piga picha jiwe lote, kisha majirani wake kulia na kushoto.

## Hatua ya 8: Fika stesheni yenyewe

Hakikisha unakwenda stesheni ya zamani. Stesheni za SGR, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2024, ni majengo mengine na mara nyingi ziko kilomita kadhaa kutoka zile za kwanza.

Omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, maana ni mali inayolindwa. Tafuta nyumba za kota na namba zilizopakwa ukutani, misingi ya tangi la maji, na kibao cha jina. Linganisha na picha ya sanduku la nyumbani ukiwa umesimama palepale alipokuwa mpigapicha. Mlima ukiangukia mahali pake, umeipata.

Kisha uliza nani ni mkazi wa siku nyingi. Miji mingi midogo ya njia hii ilikua kuzunguka stesheni, na wajukuu wa mwenye duka wa kwanza huenda bado wapo.

## Hatua ya 9: Panga mstari wa kazi

Chukua ukurasa mpana, uchore safu nne: stesheni, miaka, cheo, na ushahidi. Kila mstari upewe alama: A kwa karatasi ya wakati ule, B kwa kauli za watu wawili waliohojiwa kila mmoja peke yake, C kwa kauli ya mtu mmoja. Penye pengo acha wazi. Usijaze kwa kukisia, kwa sababu mjukuu atakayekufuata atadhani umethibitisha.

Kazi nzuri ina mistari miwili au mitatu ya A, kadhaa za B, na mapengo yanayoonekana. Majina na namba za vitambulisho za walio hai usiziweke mtandaoni.

Toa nakala tatu: moja yako, moja ya ndugu anayeishi mji mwingine, na moja mpelekee mzee uliyeanza naye. Msomee stesheni kwa stesheni, taratibu. Akikukatiza kwamba Voi ilitangulia Mazeras, mwache aeleze kwa nini, kisha andika sababu hiyo kwenye safu ya ushahidi pamoja na jina lake na tarehe ya siku hiyo.